Fundi Aliyeyasoma Magari Adimu

Taarifa ilinikuta Woodbridge, huku Virginia, Marekani, mchana wa Ijumaa, kwenye foleni ya magari ambayo wakazi wa huku hatuulizi tena sababu yake. Mtu mmoja aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba Mjomba wa Temple Hills ametutoka, akaongeza dua, na chini yake wakaanza kumiminika wenzetu wa Mombasa, Unguja, Dar na Lubumbashi, kila mmoja na namna yake ya kutoa pole. Nilisoma mara mbili. Halafu nikafanya jambo ambalo nimelifanya tangu utotoni kila ninapoambiwa neno zito: nikauliza. Nikaandika, "Mna uhakika?" Hakuna aliyenijibu, na nadhani najua kwa nini. Kwa watu wengi wa kundi lile, mimi ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa na haki ya kumtilia shaka Mjomba, hata juu ya kifo chake.

Nilipofika nyumbani kwake, wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini na wanawake wamejaa sebuleni. Nikajitanda mtandio, nikavua viatu, nikapita katikati ya magoti ya watu hadi kwa binti yake kumpa mkono. Bibi mmoja wa Kimvita aliyekaa karibu naye alinitazama kwa muda, kisha akauliza bila kushusha sauti, "Ndiye huyu aliyemwandika?" Nikasema, "Ndiye mimi, bibi." Akasogeza mguu wake ili nipate pa kukaa, akasema, "Haya, kaa. Msiba haufukuzi mtu." Sijawahi kupewa nafasi ya kukaa iliyoniuma kama ile.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mtakumbuka nilichoandika. Wengine mliniletea ujumbe mkicheka. Kwa ambao hamkukisoma, lazima nianze na mtu mwenyewe. Safu hii ninayowaandikia haitaji majina, na safari hii kanuni hiyo inanitia aibu, kwa sababu kutomtaja jina hakukumsaidia alipokuwa hai. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, fundi breki wa mabasi kwa zaidi ya miaka ishirini, na alipostaafu akabaki na penzi moja: magari ya Kimarekani ya zamani, yale ya milango miwili yenye injini kubwa kuliko akili, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Hakuwa akiyauza wala kuyatengeneza. Alikuwa akiyasoma. Jumamosi asubuhi wenye magari hayo walikuwa wakija kwenye gereji ya nyumba yake, Wamarekani na watu wetu waliopatwa na ugonjwa uleule, na wote walileta swali moja: gari langu ni adimu kiasi gani?

Swali hilo lina msingi wake. Zamani zile mtu hakununua gari lililokwisha kupangwa kama leo. Alikaa na muuzaji mbele ya fomu, akatia tiki: injini hii, gia hizi, kiti hiki, rangi hii, redio nataka au sitaki. Kiwanda kikaunda gari kwa fomu ile. Kwa hiyo magari mawili ya mwaka mmoja na jina moja yanaweza kutofautiana kama ndugu wa baba mmoja, na kadiri tiki zilivyokuwa za ajabu ndivyo gari linavyohesabiwa kuwa adimu. Shida ni kwamba baada ya nusu karne watu wamebadilisha mambo, wengine kwa mapenzi na wengine kwa udanganyifu, na gari lililozaliwa maskini huvishwa nguo za kitajiri. Hapo ndipo Mjomba alipohitajika. Hakuanza na injini. Injini, alisema, huhama kama wapangaji. Alianza na matundu. Aliingiza tochi chini ya dashibodi akatafuta mahali ambapo waya wa redio ungepita. Akapapasa ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. "Tundu la kiwandani limetobolewa kwa mashine, laini kama kidonda kilichopona," aliniambia siku ya kwanza niliyokwenda. "La fundi wa mtaani lina meno. Mtu aweza kudanganya, mwanangu. Tundu halijui kudanganya." Baada ya matundu alitazama ribiti, vile vipini vya chuma vinavyobana kibati cha namba ya gari, kama zimewahi kung'olewa. Mwisho alinyanyua kiti cha nyuma, akachokora kwenye springi akitafuta karatasi ya oda ambayo wafanyakazi wa kiwandani mara nyingine waliiacha humo. Akiipata aliifungua kwa kibano cha nyusi alichomnyang'anya mkewe enzi za uhai wake.

Nilikwenda pale mara ya kwanza kwa ajili ya safu hii, nikitafuta kichekesho. Nikarudi kwa sababu nilipendezwa. Mimi nimesomea takwimu, nafanya kazi Greenbelt kwenye ofisi ambayo watu hulipwa kwa kutoamini jedwali hadi walipindue chini juu, na hapa palikuwa na mzee aliyefika kidato cha pili akifanya kazi yangu kwa mikono. Tulitaniana. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, Bi Ushahidi. Leo waleta kesi gani?" Nilikuwa nikimuuliza kila kitu: umejuaje, nani kakwambia, karatasi ikipingana na tundu unaamini kipi. Mteja mmoja Mkongomani aliwahi kumwambia, "Papa, huyu mtoto iko anakuhoji kama polisi ya mpaka." Mjomba akajibu kutoka chini ya gari, "Mwache. Asiyeulizwa huoza."

Gari lililotuharibia urafiki lilikuwa la jirani yake. Jirani huyo ni mzee wa Kimarekani Mweusi, dereva mstaafu wa mabasi yaleyale ambayo Mjomba alikuwa akiyafunga breki. Gari ni la kijani kibichi, injini ile kubwa kabisa, gia za mkono, kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi, na halina redio. Mkewe ndiye aliyelitia oda, akiwa msichana aliyepata kazi yake ya kwanza ya ukarani. Kiti kirefu alikitaka ili mama yake na dada yake wakae naye mbele. Redio aliikataa, na sababu hakuwahi kumwambia mumewe. Mke huyo alipofariki, mzee akamwomba Mjomba alisome gari. Mjomba alilisoma kwa Jumamosi tatu. Kila tundu lilikuwa la kiwandani, karatasi ikapatikana juu ya tangi la mafuta, yote yakalingana. Ndipo akakaa na vitabu vyake vya takwimu za kiwanda, akapiga hesabu, na akatamka: liko moja tu. Kiwanda hakikuunda jingine kama hili. Mzee akaandikisha kadi nzuri yenye maneno hayo, akawa anaiweka kwenye kioo cha mbele kila Jumapili wanapokusanya magari ya zamani kwenye uwanja wa maegesho wa Greenbelt, na jina la Mjomba liliandikwa chini ya kadi.

Nilimuuliza Mjomba amefikaje kwenye moja. Akanionyesha. Vitabu vinasema ni magari mangapi yalitoka na injini ile. Vinasema pia ni sehemu gani ya magari yote ilikuwa na kiti kirefu, sehemu gani haikuwa na redio, sehemu gani ilikuwa ya kijani. Havisemi ni mangapi yalikuwa na yote kwa pamoja. Kwa hiyo alichukua sehemu akaizidisha kwa sehemu, akazidisha tena, mpaka akabaki na gari moja na mabaki. Nilipoona ile hesabu nilihisi raha ambayo sasa inanichukiza. "Mjomba," nikasema, "harusini, ukijua nusu ya watu wamechukua pilau na nusu wamechukua kachumbari, waliochukua vyote ni wangapi?" Akacheka. "Robo, kwa hesabu yangu." "Si robo. Anayechukua pilau ndiye huyohuyo anayechukua kachumbari. Havipigiwi kura mbali mbali. Na waliotaka injini hii walikuwa vijana wa mashindano ya mbio. Hawakutaka redio kwa kuwa ni mzigo, hawakutaka viti vya fahari kwa kuwa ni gharama. Injini kubwa, benchi, hakuna redio: hiyo ndiyo oda yao ya kawaida! Huenda yalitoka mia." Alifuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Huenda. Lakini waliyagonga yote kwenye miti." Nikamwambia yaliyotoka na yaliyobaki ni maswali mawili. Akasema, "Haya, Bi Ushahidi. Niache nilifikirie. Nipe muda."

Sikumpa muda. Niliandika safu. Sikutaja jina, sikutaja mtaa, na nilijiona nimemheshimu. Niliandika juu ya "mzee mmoja mwenye tochi" na juu ya kadi kwenye kioo, na nikaeleza kwa mfano wa pilau jinsi watu wazima wanavyojidanganya kwa kuzidisha, na nikamalizia kwamba ukiongeza vigezo vya kutosha kila gari duniani ni la pekee, na kila mwenye gari ni mjinga wa pekee. Sentensi hiyo niliipenda sana. Mliipenda pia, ndiyo mliyoisambaza. Niliamini ninatetea ukweli, na hesabu yangu ilikuwa sahihi, na hadi leo ni sahihi. Nimejaribu majuma haya yote kutafuta kosa ndani yake ili nipate pa kumwombea radhi, sijalipata.

Sikufikiria kwamba Kiswahili siku hizi si chumba chenye mlango. Kijana mmoja wa Kikenya anayependa magari aliipitisha safu yangu kwenye simu, ikatoka Kiingereza kilichopinda lakini kinachoeleweka, akawaonyesha wenzake Jumapili iliyofuata pale Greenbelt, kwa utani tu. Alinisimulia mwenyewe matangani, amejikunyata. "Aki nilidhani ni jokes, sista. Nilisema tu, 'Buda, cheki, wanasema iko mob, ziko nyingi.' Watu wakacheka. Huyo mzee hakucheka. Alitoa ile kadi kwa kioo, akaikunja, akaondoka na gari yake bila kusema bai." Tangu siku ile jirani huyo hakumsalimu Mjomba tena uani. Na kwa kuwa jina la Mjomba lilikuwa chini ya kadi, kila mtu pale uwanjani alijua mzee mwenye tochi ni nani.

Kinachoniumiza ni kwamba nilijua. Nimelelewa Dar na mama wa Tanga, najua maana ya kumsitiri mtu. Kwetu ukimkuta mtu mzima amekosea, humkosoi mbele ya wateja wake. Unakwenda kwake saa ambayo hana mgeni, unakunywa chai yake, unalisema neno kwa kulizungushazungusha mpaka alione mwenyewe, kisha yeye ndiye anatoka kwenda kulisahihisha, kwa mdomo wake. Desturi hiyo niliidharau tangu chuo. Niliiona kuwa pazia la kuficha makosa ya wakubwa, na sitasema leo kwamba si hivyo. Nimewaona wezi waliositiriwa hadi wakazeeka, na nimewaona wanawake walioombwa kusitiri mikono iliyowapiga. Bado naamini kuna ukweli unaostahili kupigiwa kelele barabarani. Ila nimejiuliza mara nyingi ukweli wangu ulikuwa wa aina hiyo kwa kipimo gani. Nani alikuwa akiibiwa? Nani alikuwa akipigwa? Mjane mmoja wa kiume alikuwa na kadi kwenye kioo, na fundi mmoja mstaafu aliyekwisha kuniomba muda.

Siku ya tatu ya msiba binti wa Mjomba aliniita jikoni. Anakisikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia huku, na pengine hiyo ilimrahisishia kusema mambo ambayo kwa lugha ya baba yake yangehitaji adabu. Aliniambia baba yake aliisoma safu yangu akiwa amesimama, akamaliza, akasema, "Mtoto kasema kweli." Basi. Hakunilaani. Kisha akanionyesha daftari ambalo baba yake aliandika kila gari alilowahi kulisoma, mstari kwa mstari, na mwisho wa kila mstari kadirio lake: kumi, nne, mbili, moja tu. Karibu kila kadirio lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa kando neno moja: sijui. Kurasa nzima za sijui. Nikadhani alikaa mezani akayakata yote kwa uchungu. Binti akatikisa kichwa. Baba hakukata mstari hadi amwone mwenye gari. Majira yote ya baridi binti alimwendesha kila Jumamosi, Woodbridge, Greenbelt, mpaka vijiji vya ndani ya Virginia ambavyo hawakuwahi kufika, na Mjomba alibisha hodi, akavua kofia, akasema: nilikwambia jambo ambalo sikulijua. Wengine walimkaribisha wakamwambia asijali. Mmoja alimfungia mlango. Alirudi garini kila mara amechoka zaidi, na kifua kilikuwa kimekwisha kumsumbua. Gereji haikufunguliwa tena. Hakuna aliyeiomba ifunguliwe. Nani apeleke gari kwa mtu anayejibu sijui?

Mstari mmoja ulikuwa haujakatwa. Gari la kijani, na mwisho wake: moja tu. Binti alisema baba yake alikwenda kwa jirani yule mara tatu, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na mara tatu mlango haukufunguliwa. Akaniuliza kama aukate yeye. Nikatoka nje kupata hewa, nikajikuta nimesimama kwenye ngazi za jirani.

Mimi alinifungulia. Alikuwa amevaa suti, amekusudia kuja msibani na ameshindwa. Nilipomwambia mimi ndiye mwandishi akasema, nami natafsiri maneno yake kadiri ninavyoweza: "Sikukasirika kwa sababu ya gari, binti. Liwe moja, yawe mia, mke wangu ndiye aliyelichagua. Nilikasirika kwa sababu nilidhani alikuwa amenihurumia. Kwamba aliniona ninalia, akanitungia uongo mzuri. Mtu niliyefanya naye kazi miaka ile yote, nikawa mtu wa kuhurumiwa."

Nikamwambia hapana. Mjomba hakumtungia chochote. Aliamini. Alikosea katika hesabu, kosa ambalo nusu ya watu wenye shahada hulifanya, na alipolijua alikuja kulisema.

"Mbona basi hakulisema?"

"Alikuja mara tatu, mzee."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia nikimtazama."

Hakulia. Aliniuliza makaburi yako upande gani, nikamwelekeza, akaniambia kwamba kwa miguu yake na msongamano wa siku zile atakwenda wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo ni sawa. Ilikuwa uongo wa adabu, wa kwanza nilioutamka kwa miaka mingi, maana wote wawili tulijua kwamba hakuna wiki ambayo ni sawa.

Wapo watakaoniandikia kunifariji, kwamba Mjomba alikuwa mgonjwa, kwamba mimi sikumuua. Sijasema nimemuua. Takwimu zimenifundisha kutochanganya lililotangulia na lililosababisha. Nasema tu kwamba mwaka wake wa mwisho aliutumia kubisha milango ya watu akijishusha, na kwamba mwaka huo ungeweza kuwa wa namna nyingine. Wala sitawaambia muache kuuliza. Sijui kuishi bila kuuliza. Lakini wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami ningeongeza kwamba kalamu ni ulimi usioweza kuumwa na meno ya mwenyewe. Kama umegundua kosa la mtu, na mtu yupo, na mlango wake unaujua, mpelekee kwanza yeye. Akikufukuza, andika. Akikuomba muda, mpe. Kutoka kwangu hadi Temple Hills ni mwendo wa nusu saa. Kuandika safu ile kulinichukua siku nne.